Uduvi Asiye na Mabawa

Mito ya kusini mwa Uingereza inayochimbuka kwenye miamba ya chokaa, kama Test, Itchen na Avon ya Wiltshire, ina maji maangavu hata mtu aliyesimama ukingoni huweza kuhesabu madoa ya samaki aina ya trauti. Chokaa hiyohiyo humlea kiumbe mdogo ambaye wanasayansi humwita Gammarus pulex. Tumwite uduvi wa mtoni, ingawa si wa ukoo mmoja na uduvi wanaoanikwa kule Pwani. Mwili wake umebanwa mbavuni, akitulia hujikunja kama mundu, na mkubwa wao hazidi sana sentimita 2. Huhitaji chokaa ya majini ili ajenge gamba lake, na huishi mwaka mzima chini ya mto, kwenye majani yanayooza. Trauti humpenda mno. Wekundu wa nyama ya samaki hao hutokana kwa sehemu kubwa na chakula cha namna hii.

Hapo ndipo historia ya uvuvi wa ndoano iliyosukwa manyoya inaponishangaza. Wadudu wanaoruka kwa majuma machache tu waliigwa kwa mitindo isiyohesabika, ilhali chakula cha kila siku kikabaki pembeni. Naamini uduvi hakucheleweshwa na uhaba wa vifaa wala uvivu wa kutazama. Alicheleweshwa na neno. Waingereza huita chambo hicho “nzi”, na jina likageuka sheria. Frederic Halford, katika vitabu vyake vya 1886 na 1889, alifundisha kwamba kwenye mito ya chokaa nzi aelee juu ya maji, tena arushiwe samaki anayeonekana akila. Kwa kanuni hiyo uduvi hana nafasi kabisa, kwa sababu haoti mabawa na wala hapandi juu ya maji kuanguliwa.

Msomaji anayeijua historia hii atanipinga kwamba mlango ulikwisha kufunguliwa na G. E. M. Skues. Ni kweli, kitabu chake cha 1910 kilitetea kuiga tunutu, yaani mdudu angali majini, na ubishi juu ya hilo uliendelea hadi mjadala maarufu wa 1938 katika klabu ya wavuvi wa “nzi” mjini London. Lakini tunutu ni nzi mtarajiwa. Kesho atapata mabawa. Skues aliupanua ufalme wa nzi bila kuuacha. Uduvi alihitaji mtu ambaye kazi yake ilimlazimu kukazia macho sakafu ya mto.

Mtu huyo alikuwa Frank Sawyer, aliyeajiriwa mwaka 1928 kuwa mlinzi wa mto Avon huko Netheravon, kwenye maji ya chama cha uvuvi cha maofisa wa jeshi. Sidai kwamba hakuna aliyeiga uduvi kabla yake. Mchango wake ni urahisi. Alizungushia ndoano waya mwembamba wa shaba nyekundu badala ya uzi, kisha akaufunika kwa sufu ya kushonea soksi zilizotoboka, ile ya Chadwick yenye namba 477, ambayo ikilowa hupata wekundu hafifu wa kiumbe hai. Hakuna unyoya, mguu wala jicho. Chambo hicho, Killer Bug, kilikusudiwa hasa grelingi, samaki aliyehesabiwa mwizi wa chakula cha trauti na ambaye mlinzi alipaswa kumpunguza. Jambo hili nalipa uzito mkubwa: uduvi aliingia kupitia samaki aliyedharauliwa, ambaye heshima ya “nzi” haikumhusu sana.

Wapo wasemao kwamba kipande cha sufu kisicho na miguu hakiigi uduvi hata kidogo. Jibu liko kwenye namna kinavyovuliwa. Chambo hutupwa juu ya mkondo, huachwa kizame, na kikimkaribia samaki ncha ya fimbo huinuliwa taratibu. Chambo hupanda kama kiumbe kinachokimbia, naye samaki hukidaka. Mbinu hiyo ilienezwa na Oliver Kite katika kitabu chake cha 1963. Mwendo, ukubwa na rangi ndivyo vinavyofanya kazi. Hata wasukaji wa baadaye, walioongeza risasi tumboni, ukanda wa plastiki mgongoni na nyuzi zilizochokolewa kuwa miguu, hubishana kuhusu umbo, kwani uduvi anayeogelea hujinyoosha. Aliyejikunja ni yule aliyetulia.

Pingamizi zito zaidi ni la adabu: wenye mto wana haki ya kuweka mipaka ili uvuvi usiwe uchinjaji. Nakubali bila shaka. Sikubali tu mpaka uliowekwa na watu kuelezwa kana kwamba ndio tabia ya samaki mwenyewe. Samaki anatafuta chini, na mnyoo Pomphorhynchus laevis ni shahidi. Lava wake hukaa ndani ya uduvi, akionekana kupitia gamba kama doa la rangi ya chungwa, na humfanya asiukimbie mwanga, mpaka samaki ammeze na mnyoo akomalie tumboni mwake. Leo wapo wasukaji wanaotia doa hilo la chungwa katikati ya mgongo wa chambo chao.