Sheria ya 1973 na Lami ya Leo

Hapa Chanika, Handeni, nawasikia madereva wakilalamika: kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu ni mwendo wa kizee, maana sheria yenyewe ni ya mwaka 1973. Kweli, siku hizo njia ya Korogwe ilikuwa vumbi na mashimo. Dereva alipunguza mwendo apende asipende. Leo ni lami, na breki ni bora zaidi. Lakini ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa gari kusimama kwa breki huwa mara nne. Na mtoto anayevuka kwenda shule ana miguu ile ile ya 1973. Zamani mashimo yalitulinda. Sasa, naona, imebaki sheria peke yake. Tusiilegeze.