Mwanzi, shaba na makala

Ndugu wasikilizaji wa Makomeno, na ninyi familia mliokimbia vita mkafika Lubumbashi, leo tuzungumze juu ya mwanzi. Watu wanauita mti, kumbe ni wa ukoo wa nyasi, ndugu ya mahindi.

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Koki yake ilitoka Wankie, mbali sana, lakini nyumbani watu walipika kwa kuni, kisha kwa makala ya miombo. Hata matofali tunayofinyanga kwa udongo wa kichuguu huchomwa kwa kuni. Pori limerudi nyuma, makala inakuja kwa kamyo na baiskeli, na mama mwenye mbabula ndiye anayelipa safari hiyo.

Wako waliofikiria kupanda. Reli ya Benguela, iliyoungana na Katanga mwaka 1931, ilipanda mikaratusi kando ya njia ili kulisha magari-moshi. Shaba yetu ilipita katikati ya miti ile kwenda Lobito.

Mwanzi wa savana, Oxytenanthera abyssinica kwa jina la wataalamu, ni wa hapa Afrika. Unavumilia kiangazi kirefu, na shina lake karibu limejaa, ndiyo maana ni gumu. Kule Iringa, Tanzania, wanaugema wapate pombe ya ulanzi (hilo sikuja kuwafundisha!). Waliotoka Kivu wanajua mwanzi mwingine, ule wa milima ya Kahuzi-Biega, ambao machipukizi yake gorila hula. Ule unataka baridi na ukungu, huku kwetu usiutegemee.

Wa kujengea hupandwa kwa kipande cha shina chenye mzizi, mvua zinapoanza. Shina hufikia urefu wake wote kwa msimu mmoja, ila bado ni laini. Lingoje miaka 3. Likate kiangazi, liloweke majini majuma kadhaa ili utamu unaoita vidudu utoke, wala usilichimbie udongoni, mchwa watakushukuru.

Miaka 3. Hapo ndipo penye shida kwa familia iliyokimbia, maana mpangaji anaweza kuambiwa ahame kesho. Basi mwenye lupango na mpangaji wakubaliane mashina yatakuwa ya nani, mbele ya mashahidi, kabla jembe halijagusa udongo.