Kasha la Umeme: Historia ya Redio Kutoka Upande wa Betri

Historia ya redio katika nchi yetu imekwisha kuandikwa na wengi, lakini karibu wote wameiandika kutoka upande wa msemaji. Tunasoma kwamba utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, kwamba Shirika la Utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956, na kwamba mwaka 1965 liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Hayo yote ni kweli. Lakini msikilizaji wa Nyakato, wa Magu au wa Ukerewe, kabla ya kuuliza nani anatangaza, alikuwa na swali lililomgusa zaidi: redio hii nitaiwasha kwa kitu gani? Makala hii inahusu swali hilo, na hasa lile kasha la transfoma na dayodi ambalo mafundi wa mitaani na wanafunzi wa shule kama yetu walilitengeneza kwa mikono yao ili redio, kaseti na amplifaya vipate kutumia umeme wa ukutani. Mafundi waliliita pawa saplai. Sisi bwenini tuliliita kasha tu.

Tuanze na betri, maana kasha lilizaliwa kwa sababu ya betri. Redio za zamani zilikuwa za valvu, na valvu ilitaka betri ya volti nyingi, kiasi cha 90, mbali na ile ya kuwashia nyuzi za ndani. Hiyo haikuwa mali ya mkulima. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyobadili mambo: kufikia miaka ya 1960 redio ndogo iliweza kuimba kwa betri nne kubwa, yaani volti 6. Kiwanda cha Matsushita kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka hiyo kilileta betri za National hadi maduka ya vijijini, na redio za Philips ziliunganishwa Arusha. Wapo wazee ambao mpaka leo wakisema "National" wana maana ya betri, hata kama ni ya kampuni nyingine.

Serikali nayo iliitegemea sana redio hiyo ya betri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, nchi nzima, kila kikundi na kijitabu chake na kiongozi wake. Kazi ilikuwa kubwa, na vyoo vilivyochimbwa baada ya vipindi vile ni ushahidi. Lakini tukumbuke kwamba kikundi ambacho betri zake zimekwisha kilibaki na kijitabu peke yake.

Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake uhaba wa fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na betri ilikuwa ya kujuana. Hapo ndipo ujuzi wa nyumbani ulipoingia. Betri zilizochoka zilianikwa juani, nazo zikapata nguvu kidogo kwa jioni moja. Wengine walizipanga sita au saba kwa mstari ndani ya mwanzi uliopasuliwa, wakazifunga kwa mpira wa baiskeli. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ingawa wengi hawakuiandika: betri mpya ina volti 1.5, iliyochoka ina kama volti 1, basi sita zilizochoka zinarudisha volti 6. Tatizo ni kwamba betri ikichoka huwa na ukinzani mkubwa ndani yake. Sauti ikiwa ndogo redio inasema vizuri; ukiiongeza, inakoroma na kuzimika.

Nyakato ilikuwa na bahati ambayo vijiji vya jirani havikuwa nayo. Ukiwa mtaa wa viwanda kandokando ya barabara ya Musoma, umeme wa ukutani ulikuwapo. Lakini ukuta unatoa volti 230 zinazogeuka mwelekeo, na redio inataka volti 6 zinazokwenda upande mmoja. Kati ya hizo mbili ndipo kasha linapokaa.

Kwa faida ya wanafunzi waliopo sasa nitalieleza kidogo. Transfoma inapunguza 230 hadi, tuseme, 12. Dayodi nne zinazofungwa kwa mraba zinauelekeza umeme wote upande mmoja. Kapasita kubwa inafanya kazi ya mtungi: inajaa wimbi linapopanda, inamimina linaposhuka. Wengi hushangaa wakipima na kukuta volti 15 na zaidi badala ya 12. Si ajabu. Ile 12 ni wastani wa aina yake. Kilele cha wimbi ni 12 mara 1.41, yaani karibu 17, na dayodi mbili zilizo njiani zinakula kama volti 1.4.

Kazi ngumu haikuwa kupata volti. Ilikuwa kuondoa mvumo. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na baada ya dayodi hubaki mawimbi 100 kwa sekunde. Amplifaya ikivuta ampia 1 na kapasita ikiwa ya maikrofaradi 2,200 tu, volti zinapanda na kushuka kwa kiasi cha 4, na spika inavuma kama nyuki ndani ya debe. Ukiweka ya 4,700, mtikisiko unapungua hadi kama 2. Na mvumo huo wa 100 unakaa pale pale ilipo sauti nzito ya mwanamume, ndiyo maana msomaji wa habari ndiye aliyeumia kuliko mwimbaji. Baadaye vilipatikana vidhibiti vidogo vya miguu mitatu, kama 7812 na LM317, ambavyo vilibuniwa Marekani katika miaka ya 1970, navyo vikaufuta mvumo karibu wote. Kwa maoni yangu kifaa hicho kidogo kimewafaa wasikilizaji wa Mwanza kuliko hotuba nyingi kuhusu maendeleo ya sayansi.

Transfoma yenyewe haikununuliwa mpya. Ilitolewa katika redio mbovu ya valvu, ikafunguliwa bati kwa bati, ikasukwa upya. Kanuni waliyoitumia mafundi ni hii: gawa 45 kwa eneo la kiini kwa sentimita za mraba, utapata mizunguko ya waya kwa kila volti. Kiini cha sentimita 9 za mraba kinataka mizunguko 5 kwa volti. Basi upande wa ukuta ni 1,150 na upande wa volti 12 ni 60, ukiongeza michache kufidia kinachopotea. Aliyewahi kuhesabu 1,150 kwa mkono, wenzake wakimpigia kelele ili asahau, anajua maana ya subira.

Walikuwapo pia waliotaka njia ya mkato, wakaiacha transfoma na kupunguza umeme kwa kapasita au kizuizi peke yake. Redio iliimba, lakini chasisi yake na antena viliweza kubeba umeme wa ukutani. Hao siwaiti mafundi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwanza iliunganishwa na gridi ya Taifa. Kabla ya hapo mji ulitegemea mitambo ya dizeli. Tulitazamia neema. Lakini gridi yenyewe ilitegemea maji, na Mtera ilipokauka tulipata mgao wa mwaka 1992 na tena wa 1994. Kasha lililotegemea ukuta peke yake likawa bubu. Ndipo likaja kasha la aina ya pili, ambalo kizazi changu ndicho kilicholijua: liliwekwa kutoa volti 13.8, likaunganishwa sambamba na betri ya gari ya volti 12. Umeme ukiwapo, kasha linaendesha redio na kuijaza betri pole pole. Umeme ukikatika, betri inachukua kazi bila hata sauti kutetereka.

Kasha la namna hiyo lilikuwa bwenini kwetu mwezi Mei 1996. Asubuhi ya tarehe 21 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Shule ilikuwa na vijana wengi wa Kagera, na wazazi wao walisafiri kwa meli ile ile. Hapakuwa na simu ya mkononi. Siku zile tatu za maombolezo zilizotangazwa na Rais Mkapa, redio haikuzimwa usiku wala mchana. Umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa, nasi tulijua tu kwa kuona taa. Kaka mmoja wa kidato cha nne, mtu wa Muleba, alikaa kando ya kasha akiwa ameweka kiganja juu ya transfoma kupima joto, kana kwamba ni mgonjwa. Hakuna aliyemwambia aondoke. Baadaye magari ya mazishi yalipita barabara ya Musoma kwenda Igoma, na tulisimama kando ya barabara na sare zetu.

Baada ya hapo kasha halikuishi muda mrefu. Biashara ilikwisha kulegezwa tangu mwaka 1984, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 adapta za plastiki kutoka ng'ambo zilikuwa rahisi kuliko waya wa shaba wa kusuka transfoma moja. Leo chaja ya simu inafanya kazi ile ile kwa kuukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma yake inatosha kuwa ndogo kama punje ya korosho. Ni nzuri, ni nyepesi, na ikifa hutupwa.

Makasha yenyewe yanakwisha pia. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita Nyakato kila wiki, na shaba wanainunua kwa kilo bila kuuliza ilisukwa na nani. Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wa miaka yote: aliye na kasha la enzi hizo, hata lililokufa, alilete siku ya mkutano tuliweke katika maabara ya fizikia, likiwa na karatasi ya jina la aliyelisuka, mwaka, na idadi ya mizunguko kama anaikumbuka. Tafadhali waya wa ukutani ukatwe kabla ya kusafirisha, na kapasita imwagwe umeme wake kwanza.