Sakafu ya bafu imebadilika rangi? Tambua doa kabla ya kumwaga dawa

Sakafu ya bafu ikigeuka nyekundu, nyeusi au nyeupe, wengi wetu hukimbilia chupa ya Jik. Kuna doa linaloondoka kwa Jik na kuna doa linalozidi kukolea. Tena Jik ikikutana na dawa isiyopatana nayo, hutoa hewa ya sumu inayoweza kumziba mtu pumzi. Kwa hiyo tuanze na rangi ya doa.

Doa jekundu au la rangi ya kutu mara nyingi hutokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji, hasa ya visima virefu. Maji hayo hutoka kisimani yakiwa maangavu, kisha yakikutana na hewa chuma hugeuka kutu na kushika sakafuni. Ukitaka kuhakikisha, jaza maji kwenye chupa angavu na uyaache wazi hadi kesho yake. Ukiona mashapo mekundu chini, ni chuma. Hapa usitumie Jik, kwani klorini huharakisha kutu hiyo. Kwenye vigae vya kauri, paka maji ya ndimu yenye chumvi kidogo, au siki, subiri dakika 10, sugua kwa brashi na usuuze. Na kwa kuwa doa linaletwa na maji yenyewe, yateke jioni, yaache kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi uchote ya juu kwa kuogea.

Ukoko mweupe ni chokaa ya maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi. Nao huyeyuka kwa ndimu au siki. Utando wa kijivu unaonata ni sabuni iliyoungana na maji hayo hayo. Maji ya moto, sabuni ya unga na brashi vinatosha.

Lakini kama sakafu yako ni ya saruji iliyopigwa niru, weka ndimu na siki pembeni. Asidi hula saruji. Leo sakafu itang'aa, ila niru itakuwa imechubuka, na sakafu yenye vinyweleo hushika uchafu kuliko mwanzo. Kuna wanaotumia maji ya betri. Hayo yanaharibu sakafu na ngozi pia. Saruji inataka sabuni, brashi ngumu na subira. Beseni la kuogea la plastiki nalo usilisugue kwa stili waya, mikwaruzo yake haitoki.

Weusi wa kwenye kona ni ukungu, na kijani kinachoteleza ni ukoga unaopenda unyevu na mwanga. Huo wa kijani ndio unaoangusha wazee na wajawazito, kwa hiyo usiuvumilie hata wiki moja. Sugua kwanza kwa sabuni na usuuze vizuri. Kisha ndipo Jik inapofaa: kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji baridi, dakika 10, halafu suuza, mlango ukiwa wazi muda wote.

Hapo kwenye kusuuza tunasisitiza. Jik ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Ikikutana na mkojo hutoa hewa nyingine ya sumu, na tunajua bafu nyingi za nyumbani hukojolewa, hasa usiku. Mwaga maji mengi kwanza. Dawa mbili zisitumike siku moja. Ukisikia harufu kali na kuanza kukohoa, usibaki kumalizia kazi; toka nje upate hewa safi, na kifua kikiendelea kubana nenda zahanati. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati. Mtoto akinywa, usimtapishe, mkimbize zahanati pamoja na chupa yenyewe. Na tafadhali, dawa inayopimwa dukani isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Maji ya bafu yakielekea kwenye migomba au mboga, siku ya dawa yaelekeze kwingine.

Mwisho, angalia mteremko. Doa likirudi mahali pale pale kila mara, maji yanatuama hapo. Baada ya kuoga yasukume kwa mfagio hadi kwenye tundu na uache mlango wazi. Kama kuna bonde, mwite fundi achimbue kidogo ili saruji mpya ishike, aijaze na kupiga niru upya. Imwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na kwa siku hizo familia ioge kwingine.