Nani Aligusa Hii Rekodi?

Karani wa tawi alibadilisha neno moja tu. Kwenye rekodi ya mwanachama wa sacco yetu aliyekuwa amefariki, alitoa "Hai" akaweka "Marehemu", akabonyeza hifadhi, akaenda kunywa chai. Kabla hajamaliza kikombe, simu ya mjane ilikuwa imeingia ujumbe. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mdhamini wa mkopo, aliombwa amkumbushe mumewe kwamba amechelewa kulipa.

Mtego huo niliutega mimi, miezi kadhaa kabla, nikiwa na haraka ya kwenda lanchi.

Ofisini tunauita triga. Fikiria mtego wa panya: unautega, unaenda zako, unafyatuka siku panya atakapogusa chambo, hata kama wewe umelala fofofo. Kwenye mfumo wa data, panya ni tukio. Rekodi imeongezwa, imebadilishwa au imefutwa, basi mfumo wenyewe unafanya jambo lingine uliloliagiza zamani. Hakuna anayebonyeza kitu mara ya pili. Utamu wake ni huo, na shida yake ni hiyo hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM kule San Jose, California, alipendekeza data ihifadhiwe kwa majedwali. Wenzake wakaanza kujenga mfumo wa kuthibitisha kwamba jambo hilo linawezekana, wakauita System R. Mwaka 1976 walipoueleza kwa maandishi, triga zilikuwa tayari zimo, na mfano waliotoa ulikuwa mpole ajabu: mfanyakazi mpya akiingizwa kwenye jedwali la wafanyakazi, idadi ya watu wa idara yake iongezeke kwa moja. Sasa hapo nani ataogopa? Lakini mwaka huo huo mwenzao, Kapali Eswaran, aliandika ripoti nzima kuhusu triga, na kwenye kichwa chake tu alitaja jinsi zinavyoingiliana. Yaani toka siku za mwanzo kuna mtu aliyeona kwamba kazi ngumu si triga moja. Kazi ni pale triga mbili zinapokutana.

Biashara haikungoja kazi hiyo iishe. Sybase, kampuni ya Berkeley, iliuza mfumo wenye triga mwaka 1987. Oracle ikafuata na toleo lake la 7 mwaka 1992. Kiwango rasmi cha lugha ya SQL cha mwaka huo huo kiliziacha nje kabisa, zikaingia kwenye kile cha 1999, wakati kila muuzaji alishajizoesha kuzitega kwa mtindo wake. MySQL, ambayo wasee wengi wa rika langu tulijifunzia, ilizipata kwenye toleo la 5.0, mwaka 2005. Mwaka uliofuata Salesforce ikatangaza lugha yake ya Apex, na sasa triga zikawa zinakaa juu ya vitu ambavyo mtu wa mauzo anavitambua: mteja, mkataba, malalamiko. Baadaye hata kuandika kodi kukawa si lazima. Unachagua kitu, unachagua tukio, unaweka sharti, unabonyeza washa. Mtu yeyote mwenye ruhusa na nusu saa anaweza kutega.

Kuna namba mbili ambazo hunichekesha kidogo. SQL Server ya Microsoft huruhusu triga kufyatuana hadi ngazi 32, kisha inakata. Salesforce hukata baada ya 16. Mipaka hiyo mimi naisoma kama ungamo: waliojenga walijua kwamba tutategeana mpaka tupotee.

Sisi tulihitaji ngazi mbili tu. Triga ya kwanza iliwekwa na jamaa aliyenitangulia kazini: rekodi ya mwanachama ikibadilishwa, kwa namna yoyote ile, mikopo yake ikaguliwe upya. Ni triga safi. Ya pili ni yangu: mkopo ukipewa hali ya "Umechelewa", wadhamini watumiwe ujumbe. Nayo ukiisoma peke yake ni safi. Marehemu hakuwa amelipa mwezi ule kwa sababu alikuwa wodini, kisha kaburini. Karani alipogusa jina, ya kwanza ikafyatuka, ikakuta deni, ikafyatua ya pili. Kwenye masharti yangu hakukuwa na mahali popote palipouliza kama mtu yu hai.

Mjane alikuja tawini siku iliyofuata na simu mkononi. Hakupiga kelele. Meneja akafungua historia ya rekodi kutafuta aliyefanya hivyo, na mfumo ukamjibu kwa jina la karani, kwa sababu triga zetu hufanya kazi kwa jina la yule aliyezifyatua. Aliyetega haandikwi. Karani akaitwa, akaandikiwa barua ya kujieleza.

Mimi nilikuwa najua ndani ya dakika tano. Nilikaa siku mbili bila kusema, bana, nikijidai bado nachunguza.

Nilipomweleza meneja, barua ilifutwa, na mimi nikaenda na karani kumwomba mama yule msamaha. Siku hizi ujumbe wowote kuhusu deni hukaa kwenye foleni mpaka mtu ausome na kuuruhusu. Ni polepole, na mara mbili nimeulizwa kwa nini nisiiache mashine ifanye.

Karani aliomba jambo moja, jina lake litolewe kwenye ile historia. Nilijaribu. Sehemu hiyo haihaririwi, hata kwa ruhusa nilizonazo mimi. Ukifungua rekodi ya marehemu leo, mkopo uliwekewa "Umechelewa" asubuhi hiyo, na aliyeuweka ni yeye.