Afrika Kusini: Matumizi na utunzaji wa hema la upepo la karavani wakati wa joto kali

Likizo ya shule ya Desemba huwatoa watu wengi wa Afrika Kusini majumbani mwao, na baadhi yao husafiri wakikokota karavani, yaani chumba cha kulala chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari. Ubavuni mwa karavani huunganishwa hema linaloongeza sebule na jiko. Kwa miaka mingi hema hilo limesimama kwa vyuma. Siku hizi wapo wanaotumia lile linalosimama kwa nguzo zilizojazwa upepo, ambalo husimamishwa kwa dakika chache tu. Hata hivyo, hema hilo lina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto la msimu huohuo wa likizo.

Nguzo ilivyoundwa

Kila nguzo ina sehemu mbili. Ndani mna tyubu ya plastiki laini inayoshika upepo, na nje mna ala ya kitambaa kigumu yenye zipu, inayozuia tyubu isitanuke kupita kiasi. Hema nyingi za aina hii hujazwa upepo wa psi 6 hadi 9, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na tairi la gari. Kiwango halisi huandikwa na kiwanda kwenye kitabu cha maelezo au karibu na vali. Hicho ndicho cha kufuatwa, si cha hema la jirani.

Upepo haukai vilevile kutwa

Hewa iliyofungiwa mahali pamoja huongezeka mgandamizo kadiri inavyopata joto. Nguzo iliyojazwa psi 7 alfajiri, joto likiwa nyuzi 20, inaweza kufika karibu psi 10 iwapo jua la mchana litaipasha hewa ya ndani hadi nyuzi 60. Hakuna aliyeongeza upepo, ila jua limefanya kazi ya pampu. Mishono ya ala huvutika, zipu hukazika, na tyubu ikipata upenyo hutokeza nje na kupasuka.

Kinyume chake pia ni kweli. Nguzo iliyojazwa psi 7 katika joto la nyuzi 40 hushuka hadi takriban psi 5.6 usiku unapofika nyuzi 20. Hema hulegea, na mwenyewe hudhani limetoboka. Akiongeza upepo usiku huo kisha akasahau, kesho yake saa sita mchana nguzo zitakuwa hatarini.

Kwa hiyo, katika maeneo ya joto kama nyanda za chini za Limpopo na Mpumalanga, kipimo kinatakiwa mara mbili kwa siku. Asubuhi, kabla jua halijakolea, upepo upunguzwe kidogo, na jioni urudishwe kiasi kinachotakiwa. Familia inayoondoka alfajiri kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Kruger na kurudi jioni ipunguze upepo kabla ya kuondoka. Usipunguzwe hadi hema kulala, kwa kuwa mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida wakati wa kiangazi cha huko, na paa lililolegea hukusanya maji. Kamba na vigingi vyote vibaki vimekazwa.

Iwapo hema lina vali za kutenganisha nguzo, zifungwe mara baada ya kujaza. Hivyo, nguzo moja ikipasuka, nyingine hubaki zimesimama.

Kuchagua mahali

Mstari wa Tropiki ya Kaprikoni hupita ndani ya Kruger, upande wa kaskazini. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri huko huwa juu ya utosi, kwa hiyo ubavu wa karavani hautoi kivuli cha maana saa hizo. Manufaa yake huja alasiri. Hema likiwa upande wa mashariki, karavani yenyewe hulikinga na jua la magharibi.

Wavu wa kivuli uliotandazwa juu ya paa husaidia zaidi, mradi usiligusie. Nafasi iliyoachwa kati ya wavu na paa hupitisha hewa na kuondoa joto. Kivuli cha mti ni kizuri pia, lakini utomvu na vinyesi vya ndege huharibu kitambaa, na tawi kavu likianguka huleta balaa.

Kabla ya kutandika hema, ardhi ifagiliwe vizuri. Miiba ya migunga hutoboa sakafu, na hata tyubu wakati hema linapokunjwa.

Afya ya waliomo

Hema lililofungwa huwa na joto kuliko nje. Madirisha ya pande zinazokabiliana yafunguliwe ili hewa ipite, lakini vyandarua vyake vibaki vimefungwa, kwa kuwa Kruger ni eneo la malaria. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET zipakwe mbali na hema, maana huharibu baadhi ya plastiki, yakiwemo madirisha yake ya kuonea.

Watoto na wazee wasiachwe wamelala ndani mchana. Mtu mwenye kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na anyweshwe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, asinyweshwe kitu. Aendelee kupozwa huku msaada ukiitwa kwa namba 112 kwa simu ya mkononi, au 10177 kwa gari la wagonjwa.

Jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata kama moto umefifia. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Cheche zake pia huyeyusha kitambaa mara moja.

Nguzo ikipoteza upepo

Kwanza itazamwe vali, kwani mara nyingi kifuniko tu ndicho hakikukazwa. Ikiwa vali ni nzima, upepo utolewe wote, zipu ifunguliwe na tyubu itolewe. Ijazwe kidogo na kupakwa maji ya sabuni, kama afanyavyo fundi wa baiskeli. Povu litaonyesha tundu. Mahali hapo pakaushwe, pasafishwe na kubandikwa kiraka kinachofaa plastiki hiyo. Tyubu irudishwe ikiwa imenyooka, kwani ikipindika itapasuka tena.

Baada ya safari

Jua hudhoofisha nyuzi na rangi hata pale nguzo zilipotunzwa vyema, na uchakavu huo kwa kawaida hauingii katika dhamana. Hema lisiachwe limesimama wiki nyingi bila mtu. Lioshwe kwa maji na sifongo laini, bila sabuni ya unga wala petroli, kisha lipakwe dawa ya kuzuia maji na miale ya jua kama kiwanda kinavyoelekeza. Likunjwe likiwa kavu kabisa. Unyevunyevu uliofungiwa mfukoni huzaa ukungu, na madoa yake ni vigumu kutoka.