Ziara za Kitafiti na Fizikia ya Mionzi Chini ya Mlima Meru

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkeno iliyotoa majivu yake ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake, pamoja na ile ya Bonde la Ufa iliyo magharibi yake, imekuwa ikiwavuta wataalamu wa mataifa mbalimbali kwa zaidi ya karne moja. Kwa sehemu kubwa ya muda huo safari za kitafiti zilikwenda upande mmoja tu: mtaalamu alifika, akakusanya, akaondoka na alichokikusanya, na maarifa yaliyotokana na kazi yake yakachapishwa katika lugha na miji ambayo wenyeji wa Arusha hawakuifikia. Namna hali hiyo ilivyobadilika inaonekana vizuri zaidi katika fizikia ya mionzi, taaluma ambayo mchango wa Arusha ndani yake ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mfano wa enzi ya ukusanyaji ni msafara wa wanazuolojia wa Sweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt katika miaka ya 1905 na 1906, ambao ulizunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai zinazopakana na milima hiyo. Boma la Wajerumani mjini Arusha lilikuwa limejengwa miaka michache tu kabla, mwaka 1900, na jengo hilo leo ndilo Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Vielelezo vya wadudu, ndege na wanyama vilisafirishwa hadi Stockholm, na matokeo yakatolewa kwa Kijerumani katika majuzuu makubwa kati ya mwaka 1907 na 1910. Kazi hiyo ilikuwa ya uangalifu mkubwa na bado inatumiwa na wataalamu wa viumbe, lakini haikuacha chini ya Meru hata chumba kimoja cha kufanyia utafiti, wala haikumwachia ujuzi wake yeyote kati ya watu waliobeba mizigo na kuonyesha njia.

Taasisi ya kwanza kubwa ya maabara katika eneo hili ilitokana na haja nyingine kabisa. Kikosi cha Waingereza cha kuchunguza viuadudu, kilichoanza kazi Uganda mwaka 1945, baadaye kilihamia Arusha, na baada ya mabadiliko kadhaa kikawa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki ya Ngaramtoni, ambayo hadi mwaka 2020 ilijulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, TPRI. Taasisi hiyo ilikuwa miongoni mwa huduma za pamoja za Afrika Mashariki hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kisha ikawekwa chini ya sheria ya Tanzania mwaka 1979. Hapo tayari kulikuwa na jambo jipya, kwa kuwa vyombo, vitabu na watumishi walibaki mahali pamoja, na mgeni aliyefika alikuta wenyeji wenye swali lao.

Fizikia ilichelewa zaidi, na sababu zake zinaeleweka. Matawi yake mengi huhitaji vyombo vya gharama kubwa, na mawili yanayotegemeana sana, yaani fizikia ya plazma na fizikia ya leza, ni ushahidi wa jambo hilo. Plazma ni gesi iliyopashwa joto au kupitishiwa umeme kwa nguvu hadi elektroni zikaachana na atomu zake, ikawa na uwezo wa kupitisha umeme kama zinavyofanya metali. Leza ni chombo kinachotoa mwanga wa rangi moja ambao mawimbi yake huenda sambamba, kiasi kwamba nguvu yake yote huweza kuelekezwa kwenye nukta ndogo sana. Mwanafizikia wa Kiafrika aliyetaka kuvifahamu vitu hivi katika miaka ya 1960 hakuwa na budi kusafiri, na ndiyo maana Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, alianzisha mwaka 1964 kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia. Salam alijua kwa uchungu wake mwenyewe kwamba msomi anayerudi kwao na kukosa wenzake wa kujadiliana nao hulazimika kuchagua kati ya nchi na taaluma. Utaratibu wake wa washirika, unaomruhusu mtafiti kubaki katika ajira ya nyumbani huku akienda Trieste kwa vipindi vifupi, ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi yaliyowahi kubuniwa kwa ajili ya sayansi ya nchi maskini.

Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilikuwa kimeanza mpango wa aina hiyo mwaka 1961, na kwa njia hiyo Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilijenga utafiti wa utando mwembamba wa kunasa nishati ya jua. Moja ya njia za kutengeneza utando huo hutumia plazma yenyewe: gesi ya agoni hugeuzwa plazma ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, chembe zake zikagonga bamba la metali, na atomu zinazong'oka hutua juu ya kioo. Jaribio lililokwenda mbali zaidi ni lile la Chuo Kikuu cha Malaya, ambako mwaka 1985 na 1986 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kiligharimia mafunzo ya teknolojia ya plazma na leza chini ya mwanafizikia Sing Lee. Wanafunzi wake walijenga kwa mikono yao mtambo mdogo wa plazma wenye nishati ya kilojuli 3 hivi, na mitambo ya aina hiyo ikapelekwa katika nchi kama Misri, India na Pakistani. Kurudi na chombo ambacho mtu anaweza kukifungua na kukitengeneza kuna thamani zaidi kuliko kurudi na cheti, na hapa ndipo ziara nyingi za kitafiti zilizofadhiliwa vizuri zimeshindwa.

Kwa upande wa Arusha, mlango wa fizikia ya mionzi ulifunguliwa na sheria. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976, na kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1983 ikaundwa Tume ya Taifa ya Mionzi, ambayo Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 iliigeuza kuwa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Maabara zake ziko Njiro, kusini mwa jiji. Ushirikiano na Shirika hilo una njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: ziara ya kisayansi, ambayo ni safari ya siku chache ya mtaalamu aliyekwisha kukomaa kwenda kuona kazi ya wenzake, na ufadhili wa mafunzo, ambao humweka mtumishi kijana katika maabara ya nje kwa majuma au miezi.

Tume ilikuwa na miaka mitatu tu tangu sheria yake ilipotungwa wakati mtambo wa Chernobyl ulipolipuka, tarehe 26 Aprili 1986, na nchi zilizoagiza chakula kutoka Ulaya zikalazimika kujua kilichomo ndani yake. Upimaji wa vyakula ungali sehemu ya kazi za kila siku za Tume. Sampuli huwekwa juu ya kigunduzi cha jemaniamu kilichozungukwa na kuta nene za risasi na kupozwa kwa naitrojeni kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila mwali wa gama unaoingia huacha alama ya nishati yake, na sesiamu 137, ambayo nusu yake hutoweka kwa miaka 30, hujitambulisha kwa kilele kilichosimama kwenye kiloelektronivolti 662. Mwamba huhitaji subira zaidi, kwa kuwa husagwa, huchujwa, kisha hufungwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa kwa takriban majuma manne, ili gesi ya radoni isitoroke na uzao wa radiamu ufikie uwiano wake ndipo upimwe.

Subira hiyo ilizaa matunda Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, kwenye fosfeti iliyogunduliwa mwaka 1956 na kuanza kuchimbwa mwaka 1983 kwa ajili ya mbolea. Fosfeti hiyo ina urani nyingi kuliko udongo wa kawaida, na swali la usalama wa wachimbaji, wakulima na majirani wa mgodi lilikuwa zito tangu mwanzo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1993 ulifanywa na mtafiti wa Kitanzania pamoja na mwenzake wa Lund, Sweden. Mwaka 2000 watafiti wa Tume yenyewe, wakiandika kutoka Arusha katika jarida la kimataifa la kinga ya mionzi, walionyesha kwamba radiamu katika fosfeti hiyo inazidi bekereli 5,000 kwa kilo, ilhali wastani wa udongo duniani ni bekereli 35 hivi. Tofauti kati ya makala hizo mbili ni miaka saba tu, lakini kwa historia ya sayansi ya kaskazini mwa Tanzania ni hatua kubwa, kwa sababu mwamba wa jirani ulielezwa sasa na watu wanaoishi karibu nao.

Mwelekeo wa safari wenyewe ulikuwa umeanza kugeuka. Mwezi Oktoba 1995 wataalamu wa nje walikuja Ngurdoto, kwenye miteremko ya mashariki ya Meru, kwa warsha ya kwanza ya kimataifa kuhusu kuondoa floraidi majini, kwa kuwa kituo cha utafiti cha hapo kilikuwa na ujuzi wa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Kisha mwaka 2011 Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kufundisha huko Tengeru, ikiwapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na maji pamoja na nishati vikiwa miongoni mwa masuala yake makuu.

Leza zenye nguvu bado hufuatwa mbali. Kituo cha Leza cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2003 na kuratibiwa kutoka Pretoria, hakikujengewa maabara moja kubwa, bali huunganisha maabara za nchi mbalimbali na kugharimia safari kati yake. Miongoni mwa mbinu za taaluma hii iko moja inayoifaa mno miamba ya Bonde la Ufa: pigo fupi la leza huugeuza unga kidogo wa mwamba kuwa plazma kwa muda mfupi kupita kiasi, na rangi za mwanga wa plazma hiyo hutaja elementi zilizomo, pasipo kuuyeyusha mwamba kwa asidi. Mtafiti atakayepeleka fosfeti ya Minjingu kwenye maabara ya namna hiyo atakuwa na vipimo vya Njiro vya kulinganisha navyo, na watakaompokea huko watalazimika kuanza na vipimo hivyo.